Muulize Fundi: Injini Iacheni Kwanza

Barua za mwezi huu zimenipeleka jangwani. Nne zinahusu mbio za magari mchangani, na nimeamua kuzijibu zote kwa pamoja. Wenye bajaji na pikipiki naomba mnivumilie hadi toleo lijalo. Kwa msomaji mgeni: nilijifunza kazi kwenye gereji ya uani Mwembeladu, Unguja, nikavuka kuja Muscat mwaka 1998. Tangu hapo nimefuatana mara saba na timu za watu wa kawaida, wenye kazi zao za ofisini na madukani, kwenda kushindana jangwani. Nilikwenda kama fundi, si dereva. Ninayoyasema nimeyaona nikiwa nimelala chini ya gari.

*

"Assalaam alaykum Fundi. Sisi ni vijana wanne wa Al Khoud. Wazee wetu wametoka Unguja na Pemba na nyumbani tunazungumza Kiswahili. Tuna Nissan Patrol ya 2008, injini ya 4.8, na tunataka kuingia mbio za baja mwakani huko Falme za Kiarabu. Tumechanga rial 6,000. Mmoja wetu anataka tufunge tabo (turbo, ya kuongeza nguvu za injini), kwa sababu kila Ijumaa tukienda Bidiya tunaona Patrol zenye tabo zinapanda mlima wa mchanga kama zinaruka. Mwengine anasema shokomzoba kwanza. Tumebishana wiki tatu sasa na imefika hadi hatusalimiani vizuri. Tuanzie wapi?" — Vijana wanne, Muscat

Wa alaykum salaam, wanangu. Tabo iacheni. Injini yote iacheni kwanza, na aliyeitaka tabo asininunie kabla hajamaliza kusoma.

Mnachokiona Bidiya ni kazi ya sekunde ishirini. Gari linachukua mbio huku chini, linapanda, linafika au linashindwa, kisha linateremka pole pole na kusimama. Boneti linafunguliwa, injini inapoa, watu wanakunywa chai. Kwenye baja hamna kusimama. Hatua moja ya mashindano inaweza kuwa kilomita 200 na zaidi, na penye mchanga laini mtakuwa mnakwenda 40 kwa saa huku injini inalia kama mko 140 kwenye barabara kuu. Injini inatoa joto jingi, na upepo unaoingia mbele kuipoza ni mdogo kwa sababu gari lenyewe haliendi. Inayofanya kazi hapo ni feni peke yake. Mkifunga tabo mmeongeza joto, na rejeta ni ile ile. Hiyo injini yenu ya TB48, silinda sita, lita 4.8, ina nguvu za kuwafikisha mwisho na kubaki. Timu nilizoziona zikirudi juu ya lori, hakuna hata moja iliyorudi kwa kukosa nguvu.

Jina lenyewe la baja limetoka Mexico, kwenye rasi ya Baja California. Mbio za kwanza zilikimbiwa 1967 kutoka Tijuana hadi La Paz, zaidi ya kilomita 1,300 za mawe, vumbi na mchanga. Walioshinda, Vic Wilson na Ted Mangels, walitumia saa 27 na dakika 38. Gari lao lilikuwa Meyers Manx, yaani bodi ya faibaglasi iliyokalishwa juu ya chesisi ya Volkswagen ile ndogo ya mviringo, injini ipo nyuma na inapozwa kwa upepo, rejeta haina kabisa. Na kwenye Dakar ya 1980, mbio ndefu za jangwani kutoka Paris hadi Dakar, Senegal, ndugu wawili wa Kifaransa, Claude na Bernard Marreau, walimaliza wa tatu kwa Renault 4, kigari ambacho kwao kilikuwa cha kupelekea mkate na barua. Walikitia mfumo wa kuvuta magurudumu manne, wakakiandaa kwa mikono yao. Miaka miwili baadaye, 1982, wakashinda Dakar nzima kwa Renault 20. Hao ndio nataka muwaige: watu waliolijua gari lao mpaka nati ya mwisho.

Sasa hizo rial 6,000. Kabla ya kutoa hata baiza moja, chapisheni kanuni za mashindano mnayoyataka, mzisome wote wanne, kisha mzitundike gereji. Chombo cha kwanza kununua ni kile ambacho bila yake mkaguzi hatawaruhusu kuanza: kizimba cha mabomba ndani ya gari, viti, mikanda, kofia, nguo zisizoshika moto, vizimamoto. Kizimba kinataka bomba la chuma lisilo na mshono, na kinataka mchomeleaji aliyewahi kutengeneza kizimba cha mashindano. Anayetengeneza mageti, hata awe hodari vipi, msimpe kazi hii. Gari likipinduka mara tatu kwenye mteremko wa mchanga, kinachobaki baina ya kichwa cha mwenzenu na paa ni ule mchomo.

Viti na mikanda vina tarehe ya mwisho kwenye lebo. Timu moja niliyofuatana nayo ilinunua mikanda ya mkono wa pili, mizuri kabisa kwa macho, kitambaa hakijafifia. Siku ya ukaguzi mkaguzi akageuza lebo, akaisoma, akatikisa kichwa. Muda wake ulikuwa umepita kwa miezi minne. Tulikesha tukizunguka mji tusioujua kutafuta mikanda mengine, tukaipata alfajiri kwa bei mara mbili ya mpya. Dereva akaingia jangwani hajalala. Kwa hiyo lebo kwanza, rangi baadaye.

Baada ya usalama ni upozaji, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu hapa niliumia.

Mwaka 2011 nilikuwa na timu ya ndugu watatu, Land Cruiser. Nilibadilisha hosi zote za rejeta. Ile ya chini niliifunga usiku, kwa tochi, injini ikiwa baridi, kwa klipu ya zamani ya skrubu kwa sababu mpya zilikuwa zimekwisha kwenye boksi. Nikaikaza, nikaivuta kwa mkono, ikawa ngumu. Asubuhi tulilijaribu gari kilomita kumi, likarudi zima, nikafunga boneti. Sikuikaza tena baada ya injini kupata moto. Mpira mpya ukipata joto mara ya kwanza unalainika na kukaa, na klipu iliyokuwa imebana inabaki na nafasi ya unywele.

Kwenye kilomita ya 63 msoma ramani alisikia harufu tamu, kama sukari inayoanza kuungua. Akamwambia kaka yake. Kaka akatazama mshale wa joto, akauona umeshuka. Umeshuka, haukupanda! Akasema gari linapoa, tusonge. Hakujua, na mimi sikuwa nimemfundisha, kwamba maji yakishakimbia, kile kidude cha kupimia joto kinabaki hewani, hakigusi maji tena, na mshale unaweza kudanganya. Dakika tano baadaye injini ilikufa juu ya tuta. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imeungua na hedi imepinda. Nilipofika na gari la huduma jioni, niliikuta ile klipu imening'inia kwenye hosi, skrubu yake ikitazama chini ambako bisibisi haifiki bila kulala mchangani. Klipu ya baiza 300. Ndugu wale walikuwa wamechanga pesa miaka miwili.

Tangu siku ile, kila hosi ninayoifunga ina klipu mbili, skrubu zinatazama juu pahala mkono unafika, na ninazikaza upya baada ya injini kupata moto na kupoa mara mbili. Nikishakaza napiga mstari wa rangi nyeupe unaotoka kwenye skrubu hadi kwenye klipu. Mstari ukikatika, skrubu imezunguka. Sihitaji spana kujua. Fanyeni hivyo kwa kila bolti ya shokomzoba, ya propela shafti, ya boksi la usukani, ya nati za magurudumu. Wakati wa huduma mtu mmoja anapita na tochi anatazama mistari tu, dakika nne gari zima limekaguliwa. Fungeni pia kengele ya maji kupungua, inayoangalia maji yenyewe, si joto. Na dereva afundishwe kwamba mshale ukishuka ghafla anazima injini kama vile ungepanda.

Rejeta nunueni kubwa zaidi inayoingia bila kukatakata gari. Isafisheni baada ya kila mazoezi kwa maji yasiyo na nguvu, kutoka ndani kwenda nje. Nimewahi kuchomoa kwenye mapezi ya rejeta mbegu za nyasi za jangwani zilizoshikana kama blanketi, na mwenye gari alikuwa anataka kubadilisha injini.

Anayesema shokomzoba kwanza amekaribia ukweli kuliko wote, mpeni mkono. Patrol yenu ina ekseli nzima mbele na nyuma na springi za koili. Ni mfumo mgumu na rahisi kuutengeneza porini, lakini ekseli ni nzito, na shokomzoba ndizo zinazobeba adhabu ya kuituliza. Zile za dukani, baada ya nusu saa ya matuta madogo madogo, mafuta yake yanachemka na kutoka povu, gari linaanza kurukaruka kama mpira. Tafuteni zenye tangi la pembeni la mafuta. Msiliinue gari sana. Sentimita tano zinatosha, zaidi ya hapo mnajitafutia kupinduka.

Pesa za matairi, mafuta, ada ya kuingia, pahala pa kulala na gari la huduma wekeni pembeni tangu leo, kwenye akaunti nyengine. Mimi ningeweka rial 2,000 nisiziguse. Vipuri vya lazima: mikanda ya feni, beringi za magurudumu, hafu shafti moja, hosi zote, pampu ya mafuta. Kila kipuri kiwe kimeshafungwa kwenye gari angalau mara moja kujua kinaingia, kisha kifunguliwe na kuhifadhiwa pamoja na spana zake kwenye mfuko mmoja.

Ugomvi wenu mwengine hamjauandika lakini naujua: nani aendeshe. Mimi ningeanza kumchagua msoma ramani. Awe yule asiyekasirika, anayeweza kusoma karatasi gari likiruka bila kutapika. Kitabu cha njia kina visanduku. Kila kisanduku kina kilomita, mchoro mdogo wa njia panda au bonde, na nyuzi za dira. Alama ya mshangao moja ni tahadhari, mbili ni hatari, tatu mnakaribia kusimama kabisa. Yeye ndiye anayemwambia dereva "mshangao tatu, mita mia mbili" huku dereva anaona mchanga mtupu. Dereva asiyeweza kumtii mtu huyo hafai, hata awe bingwa wa Bidiya. Ijumaa zijazo mmoja wenu atangulie, achore kitabu chake cha njia cha kilomita 30, wengine wakifuate. Mtaona jinsi mita ya gari inavyowapoteza: inahesabu mizunguko ya gurudumu, na gurudumu likizunguka bure mchangani mita inasonga na gari lipo pale pale.

La mwisho kwenu ni ubao.

Nendeni kwa fundi seremala mkate kipande cha plaiwudi nene, sentimita 40 kwa 40. Kisha mkaegeshe gari kwenye mchanga laini, mteremko kidogo, saa saba mchana, mtoboe tairi la nyuma upande wa chini wa mteremko, mpige saa. Mtaweka jeki mchangani bila ubao na itazama yenyewe badala ya kuinua gari. Mtachimba, mtaweka ubao. Gari litainuka, kisha litateleza kidogo, ubao utainama upande. Mtashusha, mtachimba tena mpaka sakafu ya shimo iwe sawa, mtaziba magurudumu mengine kwa mchanga. Nati ya kwanza mtakayoifungua itaanguka na kupotelea mchangani mbele ya macho yenu. Timu ya kwanza niliyoifanyisha zoezi hili ilitumia dakika 31. Baada ya wiki sita ilitumia dakika 5: mmoja anachimba kabla gari halijatulia, mmoja tayari ana ubao na jeki, nati zinaingia kwenye kofia. Huo ubao uwe na kamba ya kuuvutia nje, kwa sababu unabaki umezikwa. Dakika 26 mlizoziokoa kwa ubao hakuna tabo itakayowapa.

*

"Fundi, mimi nabeba vipuri kwenye timu ya kaka yangu hapa Sur. Kila mtu ananipa namba yake ya upepo wa tairi jangwani. Mmoja 12, mmoja 15, mmoja 20. Ipi sahihi?" — Msaidizi, Sur

Zote tatu ni sahihi, kila moja kwa wakati wake, ndiyo maana wanabishana.

Tairi lenye upepo wa barabarani, 32 au 35 kwa kipimo cha psi, linasimama wima na kukata mchanga kama kisu. Ukiupunguza, sehemu inayogusa chini inaongezeka, na zaidi inaongezeka kwa urefu, kwenda mbele na nyuma, kama unyayo wa ngamia unavyotandaa. Anza na 15 tairi likiwa baridi, kwa gari zito la aina ya Land Cruiser au Patrol. Kumbuka likipata moto upepo unapanda wenyewe, kwa hiyo usipime mchana na kudhani umekosea asubuhi. Mchanga ukiwa mgumu na njia ina kasi, 18 hadi 20 inalinda rimu. Kumi na mbili ni ya kujitoa ukikwama. Ukishatoka rudisha, kwa sababu chini ya hapo, ukipiga kona kali, mchanga unasukuma ubavu wa tairi na linavuka kwenye rimu. Rimu zenye pete ya kubana tairi zinakuruhusu kushuka zaidi, lakini angalieni kanuni za daraja lenu kwanza. Na mkitoka mchangani kuingia kwenye kokoto jazeni tena. Tairi laini juu ya mawe makali linachanika ubavuni, na ubavu hauzibiki.

Nunua kipimo cha upepo kizuri, kimoja, kitumike hicho hicho siku zote. Vipimo viwili vitakupa majibu mawili na timu itagombana.

Na saa ya siku ni sehemu ya jibu. Kwenye mchanga wa Sharqiya ukungu na umande wa baharini huingia usiku, na alfajiri tabaka la juu lina unyevu, gari linapita kama juu ya sakafu. Kufika saa tano mchanga huo huo umekauka na kulainika. Kuna jambo jengine la adhuhuri ambalo ni baya kuliko ulaini: jua likiwa utosini hakuna kivuli. Tuta zima linakuwa rangi moja, huoni pahala mgongo wake unapokatika na upande wa pili unapoporomoka. Asubuhi kivuli kinakuonesha. Mwambie kaka yako, kama anaruhusiwa kuchagua, ajifunze mapema asubuhi, kisha aje arudie njia ile ile saa saba aone tofauti. Akikuta tambarare jeupe la chumvi, linang'aa na limekauka juu, asilivuke kwa kulionea tamaa. Hiyo ni sabkha. Juu ganda, chini tope, na gari likizama humo linavutwa kwa trekta.

Kamba ya kuvutia usiifunge kamwe kwenye kibonge cha kuvutia trela. Kikikatika kinaruka kama risasi. Funga kwenye pingu iliyobanwa kwenye chesisi, na watu wote wasimame mbali.

*

"Shikamoo Fundi. Mimi nipo Naivasha na kila mwaka naenda kutazama Safari Rally. Lile vumbi laini la Kedong, wanaloliita fesh-fesh, ndilo jangwa lenyewe?" — Mpenzi wa mbio, Naivasha

Marahaba. Hapana, ila ni jamaa. Mchanga wa jangwa ni punje. Unazama, unamwagika, ukiutia mkononi unauhesabu. Fesh-fesh ni unga. Gari linazama mpaka kwenye ekseli huku juu panaonekana sawa, na linapotoka linaacha wingu ambalo anayefuata haoni hata boneti lake. Fesh-fesh wanaijua pia wa Dakar, na wanaiogopa kuliko matuta. Kwa fundi tofauti iko kwenye filta ya hewa. Mchanga mwingi unaangukia nje ya filta, unga unapenya. Pandisha bomba la kuvutia hewa juu usawa wa paa, weka kichujio cha awali kinachozungusha vumbi na kulitupa, beba filta mbili za akiba, na pakaa grisi nyembamba pale filta inapokaa ili unga usipite pembeni. Ukipitisha kidole ndani ya bomba baada ya filta na kikatoka na rangi ya kahawia, injini imeshakula.

*

"Salaam kwako Fundi. Mimi ni mama wa Kisauni, Mombasa. Mwanangu anafanya kazi Abu Dhabi. Ameniambia ameingia timu na wenzake wa kazini, yeye atakuwa msoma ramani kwenye mbio za jangwani. Ananipigia kila Jumapili na furaha yake naisikia. Mimi silali. Ni mwanangu wa pekee wa kiume. Nimwambie aache?" — Mama, Mombasa

Mama, salaam zimefika, na barua yako nimeisoma mara nyingi kuliko zote.

Sitakuficha: mchezo huu una hatari ya kweli na watu wamefariki ndani yake. Lakini hatari unayoilalia macho, nadhani, ni ya kupotea jangwani. Mwaka 1982 Mark Thatcher, mtoto wa waziri mkuu wa Uingereza wa wakati ule, alipotea kwenye Dakar, yeye na wenzake wawili, siku sita kule Sahara, mpaka ndege ya jeshi la Algeria ikawaona. Zama zile gari likishaondoka machoni ndiyo basi. Siku hizi kila gari la mashindano linabeba kifaa kinachozungumza na setilaiti, waandaaji wanaliona kwenye skrini, na ndani kuna kitufe cha kuomba msaada. Helikopta na daktari wapo tayari. Siku ya mashindano yenyewe, mwanao atakuwa chini ya macho ya watu wengi.

Kinachoumiza watu zaidi siku ile ni kuruka. Gari linapanda tuta kwa kasi, linafika kileleni na upande wa pili haupo, linaangukia pua. Anayeumia mara nyingi ni mgongo. Msoma ramani anaweza kuumia kuliko dereva, kwa sababu dereva ameona na kujikaza, na yeye ameinamia karatasi. Kwa hiyo kiti chake ni muhimu kama cha dereva, na timu zenye pesa kidogo mara nyingi zinanunua kiti kizuri cha upande mmoja. Hilo nimeliona kwa macho yangu, na nimekataa kutoka na timu iliyofanya hivyo.

Ila wakati wa kuogopa, mama, ni wiki za mazoezi. Siku hizo hakuna helikopta, hakuna skrini, hakuna daktari. Vijana wanatoka kazini Ijumaa na gari moja, chupa chache za maji, simu ambayo mtandao wake unaisha baada ya tuta la tatu. Likikwama, mmoja anasema natembea kwenda barabarani, naiona pale. Hapo ndipo jangwa linapoua. Gari linaonekana kutoka angani na lina kivuli. Mtu anayetembea hana kivuli cha kujikinga na jua wala haonekani.

Sikwambii umkataze. Mtu mzima aliyekatazwa na mama yake anaendelea kimya kimya, kisha anakosa wa kumwambia ukweli. Mimi ningeipokea furaha yake kisha nikamuuliza mambo matatu, na kila Jumapili nikayarudia mpaka majibu yawe mepesi kinywani mwake. Muulize: mkienda mazoezi mnakwenda magari mawili au moja? Akisema moja, wasiende. Muulize kiti chake na cha dereva ni vya aina moja, na tarehe kwenye lebo ya mikanda ni ya mwaka gani, akusomee. Na muulize ni nani mjini anayejua njia mliyopita na saa mnayotakiwa kurudi, ambaye saa hiyo ikipita kwa saa mbili atapiga simu polisi bila kusubiri. Kama mtu huyo hayupo, mwambie aliandike jina lako na namba yako ya simu.